Rola na Kuta za Msumari

Kwenye maeneo ya ujenzi walimwita Rola, kama ile brashi ya kuviringisha, na jina likamganda mpaka ndugu zake wakaanza kulitumia. Alikuwa fundi rangi, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mkavu wa mwili, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kunyoosha mikono juu kutwa nzima. Alipoingia kazi hiyo, baada ya kufiwa na mumewe, mafundi wenzake walidhani hatamaliza mwezi. Mmoja alimwambia waziwazi kuwa ngazi si mahali pa mwanamke. Rola, ambaye wakati huo alikuwa juu ya ngazi hiyohiyo, akamwangalia pale chini, akasema, "Basi ishike vizuri, nisikuangukie."

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi walizopenda wengine. Mwenye nyumba akitaka kijani cha kuumiza macho, Rola alipaka kijani cha kuumiza macho, tena kwa mistari iliyonyooka kabisa. Lakini nyumbani kwake, vyumba viwili na jiko, kuta zote zilikuwa nyeupe pe. Hapakuwa na picha, hapakuwa na kalenda, hapakuwa na saa. Watu walimletea mapambo ya kila aina, naye akayapokea kwa shukrani na kuyagawa kwa wengine. Binti yake, mfamasia aliyekuwa akija kila Jumapili, alisema nyumba ile inafanana na wodi.

"Wodini angalau kuna matangazo ukutani, mama."

"Macho yangu yanashinda kazini," Rola akamjibu. "Yakirudi hapa yanataka kulala."

Mambo yalibadilika kwenye kliniki ya meno. Daktari wa meno, mwanamke kijana mwenye kicheko cha haraka, alimwita apake upya chumba cha kusubiria wagonjwa. Ukutani kulikuwa na skrini kubwa, na kwenye skrini hapakuwa na taarifa ya habari wala mpira. Zilipita picha tu, polepole, moja baada ya nyingine. Rola alikuwa amechuchumaa anamalizia chini ya dirisha, alipoinua kichwa na kuona ukuta.

Ulikuwa ukuta wa chumba kilichohamwa. Mahali palipokuwa na kabati pamebaki pasafi, na kuzunguka hapo rangi imefifia kwa moshi na jua na miaka. Juu kidogo, msumari mmoja umeachwa. Na picha yenyewe ilisogea: mwanga wa dirisha lisiloonekana ulikuwa ukitambaa ukutani taratibu, ukaufikia msumari, kivuli chake kikarefuka, kikarefuka, kisha kikapotea. Rola aliweka brashi chini. Ukuta ule aliujua. Alikuwa amekutana nao maelfu ya mara, na kila mara kazi yake ilikuwa kung'oa msumari, kuziba tundu, kupiga msasa na kuufunika. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba kuna mtu angekaa akautazama.

"Daktari, hii nani kaipiga?"

"Haijapigwa, mama. Imechorwa. Kwa kompyuta. Na ni yangu, nimeinunua."

"Mimi nimeitazama bure sasa hivi."

"Itazame mpaka uchoke."

"Sasa wewe una nini ambacho mimi sina?"

Daktari alicheka, akavua glavu, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa kumweleza. Alisema kuna kitu kinaitwa blokcheni. Kifikirie kama kumbukumbu moja iliyohifadhiwa kwenye kompyuta nyingi sana, duniani kote, kiasi kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka na kuifuta. Msanii anaandikisha kazi yake humo. Mtu akiinunua, jina la pochi yake, yaani akaunti yake ya simu, linaandikwa kuwa ndiye mwenyewe. Picha kila mtu anaiona, lakini mwenye nayo ni mmoja, na msanii anapata chake bila kumpitia mtu wa kati.

"Kwa hiyo ni kama kiwanja," Rola akasema. "Kila mtu anapita anakiona, lakini hati ni ya mmoja."

"Hapo umenipata."

"Na huyu mchoraji ni nani?"

"Anajiita Msumari. Zaidi ya hapo sijui."

Rola alirudi kwenye brashi yake, lakini siku hiyo chumba cha kusubiria kilichelewa kukauka, maana fundi alikuwa kila mara anageuza shingo.

Kuanzia hapo simu yake ikapata kazi mpya. Wakati wa mapumziko, wenzake wakipiga soga, yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akapekua picha. Aliona upuuzi mwingi: nyani wenye miwani, sarafu zinazozunguka, wanawake wenye macho makubwa kuliko uso. Akapita. Aliona mtu aliyechora mvua tu, mvua juu ya mabati, mvua juu ya lami, akakaa naye kidogo. Lakini kila mara alirudi kwa Msumari. Daktari akamsaidia kufungua pochi ya simu na kumwonya kuhusu maneno ya siri yanayofungua pochi hiyo. "Usimtajie mtu, mama. Hata mimi. Hata nikikuomba." Rola aliyakariri kwa kuyaimba moyoni akiwa kwenye ngazi.

Katika ununuzi wake wa kwanza alitapeliwa. Aliona kazi ya Msumari kwa bei rahisi, akaichangamkia, kumbe ni mwizi aliyeinakili na kujipa jina la kufanana. Pesa ikaenda na maji. Rola alikaa jikoni kwake amevimba kwa hasira, akamwambia binti yake, na binti akafanya kosa la kumwambia mjomba.

Mjomba huyo, kaka mkubwa wa Rola, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, ndiko Rola alikokuwa akichukua rangi zake zote. Alikuwa mtu mwema mwenye tabia ya kuamini kwamba wema wake unampa haki ya kuamua mambo ya wengine. Akaitisha kikao sebuleni kwake. Mkewe akaleta chai, binti akakaa pembeni akiangalia vidole vyake, na Rola akakaa na suruali yake ya kazi, kwa makusudi.

"Mdogo wangu," kaka akaanza, "umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Ndiyo. Nimeibiwa."

"Tena mbuzi wa kwenye gunia angalau analia! Huyu wako hata gunia hana. Ni hewa! Mtu mzima unanunua hewa?"

"Kaka, mwaka juzi uliletewa saruji feki. Uliacha kuuza saruji?"

Wifi yake aliinamia birika ghafla, mabega yakimtikisika.

"Usinichekeshe, mimi niko siriasi," kaka akasema, ingawa hakuna aliyemwona akicheka. "Saruji ni kitu. Unaishika. Hizo picha zina kazi gani?"

"Hazina kazi. Kazi ninayo mimi, kutwa nzima. Nataka kitu kimoja kisicho na kazi."

"Ungenunua dhahabu."

"Dhahabu sina hamu nayo. Aliyeniibia ni mwizi, si Msumari. Nitanunua tena, na safari hii nitaangalia vizuri. Chai nzuri, wifi."

Akanyanyuka, akaaga, akaondoka. Njiani ndipo alipogundua kuwa anatembea mbio, maana kaka yake hakuzoea kujibiwa, na yeye hakuzoea kujibu.

Haukupita muda, akaona kazi mpya ya Msumari. Alikuwa nyumbani, mchana, anasubiri maharage yaive. Ilikuwa picha ya ukuta tena, ukuta wa sebule ya kawaida, na karibu na usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa palikuwa na doa la mviringo, la mafuta, lililolainika kwa kuegemewa miaka na miaka. Chini yake sakafu ilionyesha alama za miguu minne ya kiti. Mwanga ulipita, doa likang'aa mara moja, likatulia. Jina la kazi lilikuwa *Aliyekaa Hapa*.

Rola alizima jiko. Hakutaka kitu chochote kiungue wakati anatazama.

Mumewe alikuwa na kiti chake. Kila jioni alikaa pale, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho, na ukuta ukaota doa. Rola alimgombeza kwa doa lile maisha yao yote ya ndoa. Siku alipofariki, kaka alikuja na ndoo ya rangi nyeupe kutoka dukani. "Wageni wanakuja msibani," alisema, "na ukuta ni mchafu." Rola, ambaye hata hakuwa fundi wakati huo, alichukua brashi akapaka. Alikuwa kama mtu anayetembea usingizini, na mtu alimwambia apake, akapaka. Wageni walikuja, wakakaa, wakala, wakaondoka. Ukuta ulikuwa safi kabisa.

Sasa alikuwa anaangalia doa la mtu mwingine, katika nyumba asiyoijua, na mkono wake ulikuwa umeshika kiti. Alihakiki jina la msanii mara kadhaa, akampigia daktari wa meno ahakikishe naye, kisha akanunua. Halafu akamwandikia Msumari ujumbe, wa kwanza katika maisha yake kumwandikia mtu asiyemjua: "Umemjuaje mume wangu?"

Jibu lilikuja kesho yake. "Simjui, dada. Nilimjua baba yangu. Pole sana."

Wakaanza kuandikiana. Msumari alikuwa mlinzi. Kampuni ya kupangisha nyumba ilimweka alinde zile zilizohamwa mpaka apatikane mpangaji mpya. Alichora kwa tableti iliyopasuka kioo, akikaa sakafuni kwa kuwa viti vilishaondoka. "Watu wananiuliza nalinda nini wakati nyumba ni tupu," aliandika. "Nawaambia nalinda kuta, maana akija fundi rangi, zimekwisha."

"Huyo fundi rangi ni mimi," Rola akamjibu.

Saa nyingi zikapita, Rola akadhani amemuudhi. Kisha likaja jibu: "Basi sisi ni wa kampuni moja. Mimi natangulia, wewe unafuata."

Siku zikasonga. Soko la picha hizo likaanguka vibaya, magazeti yakacheka, na kaka akamtumia Rola kila habari aliyoisoma. Waliokuwa wamenunua nyani wenye miwani wakalia. Rola hakuona uchungu wowote, maana hakuwa na mpango wa kuuza. Aliongeza kazi nyingine za Msumari, chache, na moja ya yule mtu wa mvua.

Kisha mambo yakageuka kwa upande asioutarajia. Maonyesho makubwa ya ng'ambo yakachagua picha za Msumari. Jina lake likavuma. Na mkusanyaji mmoja, tajiri asiyetaja jina, akaweka ombi la kununua *Aliyekaa Hapa* kwa bei ambayo binti, alipoiona kwenye simu ya mama yake, alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo.

Safari hii binti hakusema neno kwa mjomba. Rola mwenyewe ndiye aliyemwambia, kwa sababu alikuwa binadamu, na alitaka kumwona uso.

Uso wa kaka ulipendeza kweli kuutazama. Alifunga duka mapema. Alikuja nyumbani kwa Rola na soda, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Mdogo wangu, nilikosea. Una jicho. Sasa sikiliza. Uza leo hiihii kabla tajiri hajabadili mawazo. Tupanue duka. Jina lako liandikwe mlangoni pamoja na langu. Utashuka kwenye ngazi, upumzike."

"Haiuzwi."

"Unasubiri ipande?"

"Sisubiri chochote. Haiuzwi."

"Ni picha ya uchafu ukutani!"

"Ndiyo. Ule uchafu uliouletea ndoo ya rangi."

Kaka alishusha chupa ya soda. Alitazama ukuta mweupe nyuma ya Rola, mahali palepale, na ilionekana wazi kwamba amekumbuka.

"Nilitaka usiaibike mbele za watu," akasema.

"Najua. Nami nilikutii. Nimekutii mambo mengi, kaka, na mengi yalikuwa mazuri. Hili hapana."

Kaka angeweza kuishia hapo, lakini alikuwa na kiburi cha duka. Akasimama, akasema kwamba mtu anayekataa utajiri basi asije kuchukua rangi dukani kwake tena. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayetarajia kubembelezwa. Rola alimfungulia mlango, akamrudishia chupa moja ya soda iliyobaki.

Kesho yake alienda duka la mpinzani wa kaka, mbali zaidi, ng'ambo ya barabara kuu, akabeba ndoo zake mwenyewe, mkono huu na mkono huu. Wenye maduka walitoka kushangaa. Alipita mbele ya duka la kaka akiwa amenyoosha shingo, jasho likimtiririka, na kumpungia kwa kidevu, kwa kuwa mikono ilikuwa na shughuli. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miezi mingi. Mabega yalimuuma. Hakumwambia mtu.

Halafu akapata kazi ya kupaka nyumba kubwa iliyokuwa tupu, wapangaji wamehama, kuta zimejaa alama. Alisimama katikati ya sebule na akafikiri jambo. Alimwomba mwenye nyumba ampe siku moja kabla hajaanza. Mwenye nyumba aliuliza ya nini. "Nataka kuangalia picha," Rola akasema, na kwa kuwa alisema hivyo kwa uso wa kazi, alikubaliwa.

Aliazima projekta kwa daktari wa meno. Wakafunika madirisha kwa maturubai yake ya kazi, jua likiwa bado juu nje. Rola aliwaita mafundi wenzake, majirani, wifi yake, na yeyote aliyewahi kumwita mwendawazimu. Walikuja wengi, baadhi kwa kumpenda, baadhi kupata cha kusimulia. Akawasha. Kuta za Msumari zikatua juu ya kuta za kweli, alama juu ya alama, kubwa kuliko zilivyowahi kuonekana. Fundi mmoja, mwenye mdomo kuliko wote, alifungua mdomo huo na kuusahau wazi. Jirani mmoja akasema, "Kama kwa bibi yangu," mwingine akasema, "Hapana, kama kwetu," wakaanza kubishana, na ubishi ukawa mtamu.

Msumari mwenyewe alikuwa kwenye simu ya binti, anatazama kutoka huko aliko, uso mdogo wenye kofia ya ulinzi.

"Mimi mwenyewe sijawahi kuziona zikiwa kubwa hivi," akasema. "Dada, sogeza simu karibu. Sogeza."

Zamu ya *Aliyekaa Hapa* ilipofika, mlango ulifunguka, mwanga ukaingia, watu wakapiga kelele ufungwe. Alikuwa kaka. Aliingia, akaufunga, akasimama nyuma na mikono mfukoni. Doa lilikuwa kubwa kama gurudumu. Likang'aa, likatulia. Rola alisogea mpaka wakawa bega kwa bega, lakini hakumwangalia.

"Shemeji alikuwa akiegemea zaidi kushoto," kaka akasema.

"Basi si yeye."

"Najua si yeye." Akakohoa. "Bado naona ulikuwa ujinga kutouza."

"Ona hivyo hivyo."

Lakini hakuondoka. Alikaa mpaka picha ya mwisho, kisha akasaidia kukunja maturubai, akilalamika yamekunjwa vibaya. Hawakuombana radhi, siku ile wala baadaye. Duka likafunguliwa tena kwa Rola bila neno kusemwa, ila yeye aliendelea kununua nusu ya rangi kwa mpinzani, kwa sababu alikuwa amemwahidi hatamtupa, na kwa sababu ilimfurahisha.

Jumatatu asubuhi alirudi kwenye nyumba ile peke yake, akaziba matundu, akapiga msasa na kupaka sebule rangi ya krimu, kama mwenye nyumba alivyoagiza. Hilo halikumsumbua. Kazi ni kazi.

Kilichomsumbua wiki ile ni mchoraji mwingine. Alimwona kwenye simu akiwa juu ya ndoo: msichana anayechora wadudu, mende, kunguni, siafu, wakubwa kama nyumba, wamevaa nguo za harusi. Rola alimchukia papo hapo. Alimchukia Jumanne, akamchukia Jumatano, akamwonyesha binti yake amsaidie kumchukia, na binti akasaidia kwa moyo wote.

"Mama, hawa wananitia kichefuchefu."

"Hata mimi."

"Sasa mbona unawaangalia tena?"

"Sijui," Rola akasema, huku akimkuza kwa vidole mende mmoja mwenye shela, apate kuona vizuri jinsi lilivyoshonwa. "Ngoja kwanza. Huyu hapa ana kitu."

"Mama, usithubutu."

Lakini alikuwa ameshafungua pochi.